Nani Kaupinda Mstari?

Hoja iliyo mezani ni moja: grafu ikimpotosha msomaji, na kila namba iliyotumika kuichora ni sahihi, lawama imwendee nani? Nimeiweka mbele ya watu wanne. Yupo mwalimu mstaafu wa hisabati, mtu asiyevumilia mhimili usio na namba. Yupo mchoraji wa gazeti, binti wa kizazi cha kompyuta, ambaye kwa siku moja huchora grafu nyingi kuliko alizochora Mwalimu ubaoni kwa muhula mzima. Yupo mhariri, ambaye muda wake mwingi huishia kwenye nafasi ya ukurasa na simu za watu waliokasirika. Na yupo mama mwenye duka la nafaka, msomaji wa gazeti la kila siku. Watu hawa nimewabuni. Mifano yao sikuibuni, na pale wanapokisia watasema "tuseme".

MWALIMU: Naanza na dhambi kongwe. Nguzo ya grafu husema kwa urefu wake. Jicho hupima urefu kwanza, namba baadaye, na wengi hawafiki kwenye namba. Mwaka 2012 televisheni ya Fox News ya Marekani ilionyesha nguzo mbili. Moja ilikuwa kiwango cha juu cha kodi ya mapato cha wakati ule, asilimia 35. Ya pili ilikuwa kiwango ambacho kingefuata endapo nafuu ya kodi ya enzi za Rais Bush ingeachwa iishe, asilimia 39.6. Mhimili wa kusimama haukuanzia sifuri, ulianzia 34. Sasa pigeni hesabu: nguzo ya kwanza imebaki na kimo cha 1, ya pili ina kimo cha 5.6. Nyongeza ya pointi 4.6 imesimama mbele ya watazamaji kama kodi iliyopanda zaidi ya mara tano. Namba zote mbili zilikuwa sahihi, na ziliandikwa palepale. Ndiyo maana nasema lawama ni ya mchoraji.

MCHORAJI: Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Salamu haifuti hoja.

MCHORAJI: Haifuti, ila inapunguza ukali. Kwa nguzo sina ubishi: nguzo iliyokatwa chini ni nguzo iliyosema uongo kuhusu urefu wake. Ninachokataa ni kuigeuza sifuri kuwa amri ya grafu zote. Desemba 2015 jarida la National Review la Marekani lilisambaza grafu ya wastani wa joto la dunia kwa zaidi ya karne moja. Mhimili ulitoka nyuzi 10 chini ya sifuri hadi nyuzi 110 za Farenhaiti. Mstari ukalala chali, hauna mlima wala bonde, na ujumbe ukawa kwamba hakuna kinachotokea. Ilhali dunia imepata joto kwa zaidi ya nyuzi 1 ya Selsiasi kuliko ilivyokuwa mwishoni mwa karne ya 19, na hilo si jambo dogo. Mchore mgonjwa joto lake kuanzia sifuri: 37 na 40 zitakaribia kufanana, na huku mgonjwa anaweweseka.

MWALIMU: Mstari na nguzo si kitu kimoja. Mstari unaonyesha mwendo, hauhitaji kukanyaga sifuri. Hilo nilifundisha.

MCHORAJI: Basi tumeshakubaliana kwamba sifuri inaweza kudanganya kama vile kukosekana kwake kunavyoweza kudanganya. Hakuna skeli iliyoshuka kutoka mbinguni. Kila mara mtu huamua.

MFANYABIASHARA: Mnaongea wenyewe kwa wenyewe. Niulizeni mimi ninayesoma. Tuseme kilo ya mahindi ilikuwa shilingi 1,000, sasa ni 1,050. Ninyi mmechora mlima. Mteja anakuja dukani na gazeti kwapani: "Mama, bei imepaa!" Yeye ananunua kilo mbili, nyongeza yake ni shilingi 100. Mimi nikienda kuchukua gunia la kilo 100 nyongeza ni 5,000, na nikichukua magunia 50 ni robo milioni. Kwangu mlima ule ni wa kweli kabisa. Kwake ni kichuguu. Grafu ni ileile, gazeti ni lilelile. Sasa hapo nani kadanganywa?

Nakiri swali hili lilinifanya nisogeze kiti. Vitabu vingi vinavyofundisha namna ya kuzigundua grafu danganyifu huanza na mhimili uliokatwa, kisha huendelea kana kwamba yupo msomaji mmoja tu duniani. Darrell Huff alipochapisha kitabu chake kuhusu namna ya kudanganya kwa takwimu, mwaka 1954, alikuwa na msomaji wa namna hiyo akilini: mtu mwenye busara, anayehitaji tu kuonyeshwa ujanja. Mama huyu hahitaji kuonyeshwa ujanja. Anauliza grafu imepimwa kwa mfuko wa nani.

MHARIRI: Mimi nitajibu kwa upande wa gazeti. Grafu yetu hupata upana wa safu mbili. Nikianzia sifuri, bei za miezi 12 zinakuwa mstari uliolala, na msomaji ananipigia simu kuuliza kwa nini nimempotezea karatasi. Nikikata mhimili, Mwalimu ananiandikia barua.

MWALIMU: Nimeandika nyingi.

MHARIRI: Tunazihifadhi, Mwalimu.

MCHORAJI: Kwa swali la Mama, nadhani jibu ni kuandika kwa maneno kile ambacho mchoro unakikuza: "imepanda kwa shilingi 50, sawa na asilimia 5." Mlima ubaki, lakini uwe na kipimo kando yake. Kila mtu azidishe kwa kilo zake.

MFANYABIASHARA: Hapo nitakuelewa, mwanangu. Na hizi picha za magunia je? Kuna siku mnaweka kagunia kadogo ka mwaka jana na gunia kubwa la mwaka huu, mnasema mavuno yameongezeka mara mbili. Mimi gunia nalijua. Hilo kubwa mmelichora refu mara mbili na pana mara mbili. Linameza manne ya lile dogo, siyo mawili.

MWALIMU: Na lingekuwa gunia la kweli, lenye unene, lingemeza manane. Mama, wewe ungepasi mtihani wangu. Edward Tufte, mtaalamu wa Marekani, alilipa jambo hilo hesabu katika kitabu chake cha mwaka 1983. Alichukua grafu iliyochapishwa na New York Times mwaka 1978 kuhusu viwango vya matumizi ya mafuta vilivyowekewa magari: kutoka maili 18 kwa galoni mwaka 1978 hadi maili 27.5 mwaka 1985. Hilo ni ongezeko la asilimia 53. Lakini grafu ilichorwa kama barabara inayotoka mbali ikija karibu, na mstari wa mwaka 1978 ulikuwa na urefu wa inchi 0.6, wa mwaka 1985 inchi 5.3. Kwenye karatasi ongezeko likawa asilimia 783. Akagawanya moja kwa nyingine, akapata kwamba uongo wa mchoro ule ulizidi ukweli karibu mara 15.

MCHORAJI: Na hakuna aliyemshika mkono aliyechora akamwambia danganya. Alitaka barabara ionekane kama barabara. Mambo mengi ya ovyo katika kazi yetu huanzia kwenye kutaka mchoro upendeze. Duara lenye unene, lililolazwa kama sahani mezani, ni mojawapo. Januari 2008 Steve Jobs alipanda jukwaani San Francisco na duara la namna hiyo kuonyesha mgawanyo wa soko la simu za kisasa Marekani. Kipande cha iPhone, asilimia 19.5, kilikuwa mbele, karibu na macho. Kipande cha "wengineo", asilimia 21.2, kilikuwa nyuma. Kile kidogo kilionekana kikubwa kuliko kile kikubwa. Pale sina hakika ilikuwa bahati mbaya. Sisi tuliosoma kazi hii tunafundishwa utafiti wa William Cleveland na Robert McGill wa mwaka 1984: jicho la binadamu hupima vizuri mahali kitu kilipo kwenye mhimili mmoja, hupungukiwa likipima pembe, na hupungukiwa zaidi likipima eneo. Kwa hiyo anayechagua duara na gunia amechagua kipimo kibovu.

MWALIMU: Unathibitisha hoja yangu. Lawama ni ya mchoraji.

MCHORAJI: Sijamaliza. Unataka mchoraji asiyekuwa na upande, Mwalimu. Florence Nightingale alikuwa na upande. Mwaka 1858 alichapisha michoro yake ya duara kuhusu vifo vya askari wa Uingereza katika vita vya Crimea. Vipande vya buluu vilikuwa vifo vya maradhi yanayozuilika, vyekundu vifo vya majeraha, vyeusi sababu nyingine. Buluu ilifunika kila kitu. Hakuchora ili kupamba ripoti. Alitaka wakubwa waone kwamba uchafu wa hospitali ulikuwa ukiua kuliko risasi, na wabadilike. Grafu ile ni hoja ya mwanasheria. Ungeizuia kwa sababu aliyechora alitaka kushinda?

MWALIMU: La. Kwa sababu namba zote alizihesabu. Vifo vya buluu, vyekundu, vyeusi, vyote vimo.

Mwalimu alilisema hili kama jambo la kupitia tu, lakini nadhani ndipo mjadala ulipogeuka. Mpaka hapo walikuwa wakigombania namna ya kuchora. Nakiri ugomvi huo una raha yake, na mifano yake haiishi: katika janga la korona, Mei 2020, idara ya afya ya jimbo la Georgia, Marekani, ilichapisha grafu ambayo tarehe zake zilipangwa bila kufuata kalenda, nguzo ndefu kwanza na fupi mwisho, ikaonekana ugonjwa unashuka siku hadi siku, na ofisi ya gavana ikaomba radhi. Lakini makosa hayo yanaonekana. Mtu mmoja makini akitazama kwa dakika mbili atayakamata. Wasiwasi wangu uko kwenye grafu ambayo mtu makini anaweza kuitazama kutwa nzima asione kosa, kwa kuwa kosa halimo ndani yake.

MWALIMU: Nitatoa mfano wa nyumbani, na huu hauna mwovu. Sensa za Tanzania. Mwaka 1988 tulihesabiwa milioni 23.1. Mwaka 2002, milioni 34.4. Mwaka 2012, milioni 44.9. Mwaka 2022, milioni 61.7. Mpe mwanafunzi namba hizo achore nguzo nne zenye nafasi sawa, kila moja na mwaka wake chini. Mhimili unaanzia sifuri, skeli ni safi, namba ni za serikali. Halafu muulize: kati ya sensa ya kwanza na ya pili tuliongezeka wangapi? Milioni 11.3. Kati ya ya pili na ya tatu? Milioni 10.5. Atakwambia kasi ilipungua. Ndivyo grafu inavyosema.

MFANYABIASHARA: Na haikupungua?

MWALIMU: Iliongezeka, Mama. Kati ya 1988 na 2002 ni miaka 14. Kati ya 2002 na 2012 ni miaka 10. Gawanya: kwanza tulikuwa tukiongezeka kama laki 8 kwa mwaka, baadaye zaidi kidogo ya milioni 1 kwa mwaka. Ile miaka minne imemezwa kwenye nafasi kati ya nguzo mbili. Kompyuta inaichora hivyo yenyewe, kwa sababu kwake "1988" na "2002" ni maandishi tu chini ya nguzo, kama vile "Tabora" na "Lindi".

MCHORAJI: Hilo ni kweli, na ninaijua programu unayoisema. Ukitaka miaka ikae kwa umbali wake lazima uiambie. Usipoiambia haiulizi.

MHARIRI: Mimi nina mwingine wa aina hiyo. Mwaka 2014 Nigeria, Kenya na Tanzania zote zilipiga upya hesabu za pato la taifa, kwa kubadilisha mwaka wa kianzio ili ziingize shughuli mpya za uchumi. Nigeria iliongezeka kwa asilimia 89, Kenya kwa takriban robo. Shamba halikuzaa zaidi usiku ule, wala kiwanda hakikujengwa. Ukiunganisha namba za zamani na mpya kwa mstari mmoja, unapata uchumi ulioruka. Niliona mistari ya namna hiyo, na sitasema wapi.

MFANYABIASHARA: Kumbe na ninyi wenye magazeti mnajua kunyamaza.

MHARIRI: Tunajua sana. Na ukitaka mfano wa namba zisizokuwepo, nitakupa wa usiku wa uchaguzi. Agosti 2022 Kenya ilipiga kura, na tume ya uchaguzi ikaweka hadharani, kwenye mtandao, fomu za matokeo za vituo vya kupigia kura zaidi ya 46,000. Kila televisheni ikaanza kujumlisha yenyewe. Hakuna aliyeweza kujumlisha fomu zote kwa mara moja, basi kila mmoja alianza alipoanza. Kwa saa ileile chaneli moja ilimwonyesha William Ruto mbele, nyingine Raila Odinga mbele. Watu wakasema vyombo vimenunuliwa. Lakini nguzo hizo hazikuwa kura za Wakenya. Zilikuwa fomu zilizokwisha kufunguliwa na chaneli ile. Mwishoni tume ilitangaza asilimia 50.49 kwa 48.85. Kinyang'anyiro chembamba namna hiyo, ukianza kuhesabu upande mmoja wa nchi, nguzo itakudanganya kwa saa nyingi.

MCHORAJI: Na hata hizo za mwisho, ukianzisha mhimili kwenye 48, mshindi anakuwa mrefu karibu mara tatu.

MWALIMU: Umerudi kwangu, mwanangu.

MCHORAJI: Nimekutembelea tu.

MFANYABIASHARA: Sasa naomba niseme lile ambalo nyote mnalizunguka. Korona. Mwaka 2020 kijana wangu alikuwa akinionyesha kwenye simu mstari wa kila nchi. Wa Kenya unapanda, unapanda. Wa kwetu ulipanda, halafu ukalala. Wagonjwa 509, vifo 21. Leo 509, mwezi ujao 509, mwaka mpya ukaingia, 509. Kijana akafurahi, akasema tumeshinda. Mimi nilikuwa nahudhuria misiba.

Hapa palikuwa na kimya kidogo, kwa sababu kila mmoja alikuwa na misiba yake. Niseme ninachokijua. Serikali ya Tanzania iliacha kutoa takwimu za maambukizi mwanzoni mwa Mei 2020, na hesabu ikasimama kwenye 509 kwa zaidi ya mwaka mmoja. Aprili 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, na mojawapo ya mapendekezo yake ilikuwa kurudi kutoa takwimu. Wakati wote huo tovuti za kimataifa ziliendelea kuichora Tanzania pamoja na wengine. Grafu hizo zilikuwa za jumla: namba ya leo huongezwa juu ya ya jana, kwa hiyo mstari hauwezi kushuka, unaweza tu kupanda au kulala. Nchi isiyo na mgonjwa mpya hata mmoja na nchi isiyohesabu mgonjwa hata mmoja huchorwa kwa mstari uleule. Jirani aliyekuwa akitangaza kila siku, Kenya, alipita laki moja mwanzoni mwa mwaka 2021, akaonekana ndiye mwenye balaa. Mhimili ulianzia sifuri. Skeli ilikuwa sawa kwa wote.

MCHORAJI: Ningekuwa mimi, ningeukata mstari siku ya mwisho ya taarifa, nikaweka alama pale ulipokatika.

MHARIRI: Ungeukata wapi, dada? Kwenye gazeti la nani? Unasahau. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yalifanya kuwa kosa kuchapisha takwimu zenye lengo la kupotosha au kuzikanusha takwimu rasmi. Mwaka 2019 yalilegezwa, lakini mtu aliyekwisha kuogopa haachi kuogopa kwa sababu ya tangazo la Gazeti la Serikali. Mstari uliokatika unasema: hapa kuna mtu aliyeacha kuhesabu. Mstari uliolala hausemi kitu. Ndiyo sababu uliolala ni rahisi kuchapwa.

MWALIMU: Kwa hiyo lawama ni ya aliyeacha kuhesabu.

MFANYABIASHARA: Na ya aliyechora kana kwamba kahesabu. Mwalimu, unapenda mwenye kosa awe mmoja.

MWALIMU: Nimezoea kusahihisha daftari moja moja. Lakini nitakupa mkono, Mama, kwa mfano unaonikera mpaka leo, maana mmoja wa waliokufa alikuwa mwalimu. Chombo cha anga cha Challenger, tarehe 28 Januari 1986. Kilipasuka sekunde 73 baada ya kuruka, watu saba wakafa, akiwemo Christa McAuliffe, mwalimu wa sekondari. Chanzo kilikuwa pete za mpira za kuziba maungio ya roketi, ambazo kwa baridi hukakamaa. Usiku wa kuamkia siku ile wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol waliomba safari iahirishwe kwa sababu ya baridi. Wakapingwa kwa simu. Hoja dhidi yao ilikuwa hii: pete zimewahi kuharibika kwenye baridi, na zimewahi kuharibika kwenye joto la nyuzi 24 za Selsiasi. Basi joto halihusiki.

MCHORAJI: Waliangalia safari zilizopata hitilafu tu.

MWALIMU: Safari zilizopata hitilafu tu! Ukizichora hizo peke yake, nukta zinatawanyika, huoni kitu, na kila nukta ni ya kweli. Tume iliyochunguza ajali ikafanya jambo ambalo mtoto wa kidato cha pili angeweza kulifanya: ikaongeza safari ambazo hazikupata hitilafu. Zilizoruka kwenye nyuzi 19 kwenda juu zilikuwa 20, na tatu tu ndizo zilizoharibika pete. Zilizoruka kwenye nyuzi 17 kushuka chini zilikuwa nne, na zote nne ziliharibika. Asubuhi ile ya Januari joto lilikuwa nyuzi chache tu juu ya kuganda kwa maji. Safari zile nzuri, zisizokuwa na cha kuripotiwa, ndizo zilizokuwa na jibu, na hazikuwekwa kwenye karatasi kwa sababu hazikuwa na tatizo.

MHARIRI: Hiyo haina hata mwongo. Wahandisi wenyewe walikuwa upande wa haki.

MWALIMU: Haina mwongo. Ndicho kinachonikera.

Nitaweka maoni yangu hapa, maana nimeahidi mjadala, sikuahidi kukaa katikati. Ugomvi wa sifuri, wa magunia na wa maduara yaliyolazwa ni ugomvi unaostahili, na Mwalimu aendelee kuandika barua. Lakini tumewafundisha wasomaji kuikagua grafu kama tiketi: mhimili upo? Skeli ipo? Chanzo kimeandikwa? Basi pita. Grafu ya 509 ingepita ukaguzi huo. Nguzo za usiku wa uchaguzi zingepita. Nukta za Challenger zingepita na sifa juu. Swali lililokosekana kila mara ni lile lililojificha katika misiba ya muuza nafaka: hapa hayupo nani, na kwa nini hayupo? Kwa swali hilo msomaji hana silaha peke yake, kwa sababu asiyekuwepo haonekani. Mwenye kuchora ndiye aliyeiona meza ya namba ikiwa na matundu yake kabla hajayafunika. Kwa hiyo kati ya wawili hao nampa mchoraji mzigo mkubwa zaidi, ingawa kwa sababu tofauti na ya Mwalimu.

MCHORAJI: Naupokea, ila na mwajiri wangu aje abebe. Nina kazi ya kesho hapa. Bei za mahindi za miezi 12. Miezi miwili haina namba, haikukusanywa. Kompyuta imeunganisha Machi na Juni kwa mstari mnyoofu, mzuri kabisa, kana kwamba Aprili na Mei bei ilikuwa ikitembea polepole kwa adabu. Nataka niukate.

MHARIRI: Mstari uliokatika watasema mashine ya kuchapia imeharibika.

MCHORAJI: Nitaandika ndani ya pengo.

MHARIRI: Utaandika nini? Nafasi ni ya maneno matatu. Chini yake kuna tangazo, na tangazo limelipiwa.

MFANYABIASHARA: Andika "bei haikuchukuliwa". Ni mawili. Aprili na Mei ndiyo miezi ninayouza kwa wasiwasi, shamba jipya halijaiva na ghala la mwaka jana linakwisha. Mkinichorea mstari mnyoofu hapo nitanunua vibaya. Mkiniachia tundu nitapiga simu kwa wenzangu wa mikoani.

MWALIMU: Na mhimili?

MCHORAJI: Ni mstari, Mwalimu. Tumeshalimaliza hilo.

MWALIMU: Uandike basi umeanzia ngapi.

MHARIRI: Maneno mawili, na namba ya mhimili. Haya. Ila nauliza: yule ambaye kazi yake ilikuwa kuzichukua hizo bei, asubuhi akinipigia simu kwa hasira kwamba tumemwaibisha, nimjibu nini?

MCHORAJI: Mwombe za Aprili na Mei. Akizitoa, kesho kutwa nitazijaza.